Mafuta ya Nazi kwa Bastola Kumi na Mbili

Bastola ya kwanza niliyoishika maishani mwangu ilikuwa namba saba, na niliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa kichanga cha jirani. Ilikuwa ya kuchezea, lakini uzito wake haukuwa wa mchezo. Mzee, fundi wa ukumbi, alicheka. "Haiumi," akaniambia. "Hii ni kama jiko la gesi, tofauti ni kwamba haipiki."

Ukumbi wetu uko Doha, upande wa Al Thumama, ambako ndege hushuka chini kiasi kwamba ukiwa kwenye simu unasema "ngoja" bila kujua kama umesema. Watu huja kulenga shabaha kwa bastola zinazotema vidonge vyeupe vya plastiki, vikubwa kama mbegu za papai. Unajaza gesi kidogo ndani ya magazini, kile kikasha cha vidonge kinachochomekwa kwenye mpini. Ukivuta kifyatulio, gesi inakirusha kidonge mbele na papo hapo inakisukuma nyuma kile kipande kirefu cha juu, ndiyo maana mkono unahisi teke. Kipande hicho sisi tulikiita mgongo. Bastola zilikuwa kumi na mbili, kila moja na namba yake, zote zinafungiwa kabatini, na hakuna hata moja iliyoruhusiwa kuvuka mlango wa nje.

Mimi sikuletwa kuzishika. Kampuni ya ulinzi ilinipeleka pale nikague mikoba ya wanawake mlangoni. Kabla ya hapo nilikuwa mlinzi wa geti la yadi moja kule Industrial Area, ndani ya kibanda cha bati chenye feni iliyokuwa ikinirudishia joto langu mwenyewe. Mwezi wa nane mmoja nilianguka pale getini, mbele ya lori la kokoto. Dereva, Mpakistani, alishuka akanimwagia kichwani maji yake yote ya kunywa, kisha akakaa kwenye kivuli cha gurudumu kungoja nizinduke. Tangu siku ile, nikisikia feni inakwaruza bati, hutafuta maji kwanza. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwa nini niliitaka ile meza ya ufundi kuliko nilivyowahi kutaka mume.

Meza ilikuwa ya Mzee. Alikuwa Mkenya wa Limuru, fundi saa kabla hajaja Ghuba, mtu wa miaka hamsini na kitu aliyevaa kofia ya sufu ndani ya ukumbi mwaka mzima. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo," akanijibu, "Poa sana." Nikanuna. Nikamweleza kwamba kwetu Pangani salamu ile ina jibu lake moja. Kesho yake nikamwamkia tena, akafikiri, akasema, "Asante." Ilimchukua wiki mbili kufika kwenye marahaba, na alipofika aliitamka kwa fahari kama mtu aliyefaulu mtihani wa udereva. Baada ya hapo akawa anaidai. Nikichelewa kumwamkia, ananisogelea na kukohoa.

Mchana, ukumbi ukiwa mtupu, nilimwachia mwenzangu mlango nikaenda kumtazama kazini. Chumba chake kilikuwa stoo ndogo nyuma ya ukumbi. Ukumbi wenyewe ulikuwa na baridi ya kutetemesha, kwa sababu wageni wakikimbizana na shabaha hutoka jasho, lakini stoo haikuwa na kiyoyozi, ina feni tu na ukuta wenye joto. Mzee alitandika taulo jeupe mezani. "Springi ikiruka, taulo inaishika," alisema. Kwanza alitoa magazini. Kisha alivuta mgongo nyuma, akachungulia ndani kama kuna kidonge, halafu akachungulia tena. "Hata kama umeitoa wewe mwenyewe sasa hivi, angalia tena. Macho haina haraka."

Kisha alisukuma pini ya ubavuni, mgongo ukateleza mbele na kutoka mzima mkononi. Ndani yake alitoa springi na fimbo yake, halafu mtutu mwembamba wa shaba wenye kimpira kidogo nyuma, ambacho ndicho kinachokipa kidonge mzunguko. Alivipanga juu ya taulo kwa mfuatano uleule vilivyotoka, ili kurudisha iwe ni kusoma tu kinyumenyume. Mtutu aliupitishia kijiti chenye kitambaa. Kile kimpira hakiguswi na mafuta kamwe, la sivyo vidonge huenda ovyo kama mbuzi waliofunguliwa. Zinazopakwa ni njia za mgongo, na oringi, zile pete za mpira za pistoni na za magazini zinazozuia gesi isivuje. Tone moja la silikoni, basi. Mafuta mengine yote alikuwa ameyapiga marufuku.

Pini ikikataa, sikuwahi kumwona akiigonga. Aliifumbata bastola viganjani, akangoja. Magazini ikipoa na gesi kuwa dhaifu, aliifanyia vivyo hivyo. "Ishike kwa mkono mpaka ipate joto," alisema. "Usiilazimishe. Ukiilazimisha, inajua."

Hata hivyo, bastola ikigoma mbele ya wageni, Mzee alikuwa na jibu moja kwa meneja. Meneja wetu ni Msudani mrefu, mpole, anayependa majibu mafupi. Alikuwa anauliza, "Shida nini?" na Mzee anatikisa kichwa kwa huzuni. "Ni gesi, bosi. Gesi ya siku hizi ni mbaya." Hata siku aliyosahau kurudisha springi, ilikuwa gesi.

Nilimpenda mzee yule, niseme wazi. Alinifundisha bila kunifanya mjinga, na huku ugenini watu wa namna hiyo hawaokotwi kila kona.

Vidole vyake ndivyo vilivyomwondoa. Vilivimba kwenye viungo mpaka pini ndogo zikawa zinamponyoka, nikawa mimi ndiye ninayeziokota chini ya meza. Nilimpa mafuta ya nazi aliyoyapika mama yangu mwenyewe kwa tui, niliyokuja nayo kwenye chupa za soda. Akawa anajipaka kila asubuhi, stoo nzima inanukia. Alipoamua kurudi nyumbani moja kwa moja, alikwenda kwa meneja akamwambia fundi ameshapatikana, ni yule dada wa mlangoni.

Meneja aliniangalia kuanzia viatu mpaka kofia, akaweka sharti. Wiki ya mwisho ya Mzee nizihudumie zote kumi na mbili peke yangu, Mzee asiguse hata moja. Zikiimaliza Ijumaa salama, meza ni yangu. Zikishindwa, ananirudisha kwenye kampuni na kutafuta fundi mwingine, maana mlangoni alishaletwa mtu badala yangu. Kampuni nayo ilikuwa imenieleza nafasi pekee iliyobaki ni wapi. Lilikuwa geti lilelile, na ulikuwa mwezi wa saba.

Sasa kosa langu. Sisi watu wa pwani tumelelewa na mafuta. Mtoto akitoka kuoga anapakwa mpaka ang'ae. Bawaba ikilia, mafuta. Cherehani ikikaza, mafuta. Sikio likiuma, mafuta. Kwetu kitu kikavu ni kitu kilichotelekezwa. Mzee aliposema tone moja, masikio yalisikia lakini mkono haukukubali. Niliona kama nazinyima. Alhamisi, siku ya kuzisafisha zote kwa ajili ya Ijumaa, niliifungua chupa ya silikoni nikakuta nimeshaimaliza. Chupa mpya ilikuwa imekwama forodhani wiki ya tatu.

Mzee alikuwa amekaa hatua sita kutoka kwangu, anakunja vijigauni vya wajukuu na kuvipanga kwenye begi. Ningemwuliza. Lakini nilijiambia kwamba kuuliza ni kushindwa, na kwamba meneja akisikia fundi wake mpya amekunywa chupa nzima kwa siku nne, hatangoja hata hiyo Ijumaa. Nikafumba mdomo. Mzee alipokwenda kunywa chai, nilichukua chupa ya mafuta ya mama.

Yalikuwa maangavu kama maji. Nilizipaka zote kumi na mbili, kila njia na kila pete, na safari hii hakuna aliyenihesabia matone. Nikazijaribu palepale stoo, vidonge vitatu vitatu ndani ya boksi. Migongo ilikwenda na kurudi laini, bila kukwaruza. Nilizifungia kabatini, mlemle stoo, nikiwa najisifu, nikafikiri labda wazungu waliotengeneza silikoni hawakuwahi kufika Pangani.

Ijumaa, baada ya swala, wageni wa kwanza walikuwa wauguzi wa Kifilipino waliokuja kumuaga mwenzao, wote fulana za njano. Mzee alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, mikono ndani ya mifuko ya jaketi kama alivyoagizwa. Baada ya muda alitoa mkono mmoja, akaunusa. "Dada, leo nimejipaka mafuta mingi sana," akasema. "Hii ukumbi yote inanuka mimi." Nikajifanya nahesabu miwani ya kinga ya wageni.

Magazini za kwanza zilikwenda vizuri. Kwenye za pili, namba tatu ilirudisha mgongo nyuma ukabaki nusu ya njia, haupandi wala haushuki. Kisha namba nane. Nikaikimbiza stoo namba tatu, nikaifungua juu ya taulo: safi, mafuta yanang'aa, kila kitu mahali pake. Nikaifunga, nikaijaribu, inafanya kazi kama jana. Nikairudisha ukumbini. Vidonge sita, ikakwama. Ilikuwa kama mtoto anayekohoa nyumbani na kunyamaza mbele ya daktari. Nilikwenda stoo na kurudi mara tatu, na kila nikirudi nakuta nyingine imegoma. Mwisho ikagoma namba saba.

Meneja alikuwa ametoka ofisini. Alisimama mikono nyuma. Wauguzi waliweka bastola zao kwenye kaunta kwa adabu na kuanza kupiga picha. Mimi nilikuwa naisikia ile feni ya kibandani masikioni.

Hasira zangu hazina breki, na zamu hii zilinifaa. Nikasema stoo siendi tena, kama ni kuumbuka niumbukie hapahapa. Nikaleta taulo, nikalitandika juu ya kaunta ndani ya ile baridi, nikaifungua namba saba mbele ya watu wote. Ndipo nikaona. Kuzunguka pistoni, kwenye njia za mgongo, kila mahali nilipopaka mafuta ya mama, palikuwa na utando mweupe, mzito kama samli. Mafuta yalikuwa yameganda.

Na nilijua! Kwetu mafuta ya nazi huganda asubuhi za mwezi huohuo wa saba. Kazi yangu ya utotoni ilikuwa kuianika chupa juani kabla ya kwenda shule. Lakini nani, akiwa Doha mwezi wa saba, viatu vinanata kwenye lami, atakumbuka baridi? Nilisahau kwamba mji huu baridi yake inakaa ndani ya nyumba. Kila nilipozipeleka stoo yaliyeyuka kabla sijayaona.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Meneja alisogea, akauliza kama kawaida yake, "Shida nini?" Nikamtazama Mzee, na Mzee, Mungu ananiona, alinikonyeza, kisha akaligeuzia macho kopo la gesi. Nilitakiwa kusema neno moja tu. Lakini mama yangu hupenda kusema mficha uchi hazai, na harufu ya jiko lake ilikuwa imejaa pale puani kwangu. Sikuweza.

"Si gesi, mudiri," nikasema. "Ni mimi. Silikoni niliimaliza kwa kuimimina, nikaogopa kusema. Nikapaka mafuta ya nazi. Yameganda kwa baridi ya humu."

Meneja akanusa hewa. "Nilidhani kuna mtu anapika," akasema.

Mzee alifumba macho. "Dada," akasema taratibu. "Pale kituo cha petroli kuna silikoni ya kupaka mipira ya milango ya gari. Hiyo ingekusaidia tangu jana. Si ungeniuliza? Nimeambiwa nisiguse. Sijaambiwa nisiongee."

Hilo liliniuma kuliko geti. Kuuliza si ujinga, nimeimba shuleni tangu nina meno ya utoto, na siku ya haja nikaacha kuuliza mtu aliyekuwa hatua sita tu, mtu ambaye hajawahi kunicheka kwa kutojua.

Nikamwomba meneja saa moja. Alitazama saa yake, na mimi nikachukulia hiyo ni ndiyo. Nikakimbia mpaka kituo cha petroli. Si mbali, lakini jua lilinipokea mlangoni kama lilikuwa linanisubiri, na katika zile hatua mia mbili mwili wangu ulikumbuka kila kitu, kokoto, lori, maji kichwani. Nilirudi na kopo la silikoni, nimelowa jasho, nikaanza na namba moja.

Nilizifungua zote juu ya kaunta ileile, mbilimbili, kila moja na mstari wake wa vipande. Nilifuta ile samli na kitambaa mpaka vidole vikafa ganzi. Muuguzi mmoja alitazama, akafungua mkoba wake, akatoa pakiti ya vijiti vya pamba vya kusafishia masikio, akaanza kunipa kimoja kimoja, kama alivyozoea kazini kwake. Nikimaliza bastola, wenzake wanapiga makofi. Niliweka tone moja kila mahali. Mkono uliniwasha kuongeza, nikauzuia.

Pini ya namba tisa ilikataa. Nilisukuma, ikakataa. Nikachukua bisibisi niigonge na mpini, na ndipo nikasikia kutoka kwenye kiti cha plastiki kikohozi kidogo, kilekile cha kudai shikamoo. Nikaweka bisibisi chini. Nikaifumbata namba tisa viganjani, nikangoja kwa pumzi kumi hivi, na pini ikatoka yenyewe.

Zote kumi na mbili zilifyatua. Wauguzi walirudi kwenye shabaha zao, na baada yao wakaja wengine, na wengine, mpaka ukumbi ulipofungwa hakuna mgongo uliobaki nusu ya njia.

Meneja alitungoja mbele ya kabati wakati wa kuhesabu. Kwanza alimgeukia Mzee. "Miaka sita," akasema. "Bastola zinagoma, na miaka sita ni gesi. Nimebadilisha wauza gesi mara nne!" Mzee alikuwa anazichunguza taa za darini kwa makini sana. Kisha meneja akanigeukia mimi. "Leo mara ya kwanza mtu ananiambia shida ni nini. Khalas. Meza ni yako." Akapiga hatua mbili, akarudi. "Tone moja," akasema, akainua kidole kimoja.

Mzee aliondoka Jumapili. Alipita ukumbini na begi lake, jaketi mkononi, kofia kichwani, na sote tukajifanya ni siku ya kawaida. Aliniachia taulo lake jeupe, limefuliwa na kupigwa pasi. Mimi nikampa chupa ya mwisho ya mafuta ya mama kwa ajili ya vidole. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaushika mkono wangu bila kuuachia. Nililia pale mlangoni mbele ya yule dada mgeni wa kukagua mikoba, na sioni aibu kuandika hivyo.

Meza nimeikalia tangu hapo. Springi ikiruka, taulo linaishika. Magazini ikipoa, naifumbata. Siku za mwanzo nilikuwa nikimaliza kazi nageuka kwenye kiti chake nipate kuonyesha, nakuta boksi la vidonge.

Wiki ya tatu alinipigia simu. Namba saba ilikuwa wazi mbele yangu. Huko kwao ndiyo ilikuwa miezi ya ukungu na koti zito, nilimsikia akipumua kama mtu aliyekaa karibu na jiko. Hakungoja hata salamu.

"Dada, hii mafuta yako imekuwa jiwe. Imekuwa nyeupe, imekataa kutoka kwa chupa. Nimeigonga kwa meza, wapi! Na vidole leo vinaniuma vibaya. Shida ni nini?"

"Shikamoo, Mzee," nikasema. "Ni gesi."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, kile cha kweli. Nami nikacheka, nikafuta macho kwa ncha ya taulo lake.

"Ishike mkononi mpaka ipate joto," nikamwambia. "Usiilazimishe."

Nikasikia kiti kikiburuzwa, kisha viganja vikavu vikisugua plastiki. Hatukukata simu. Ndege moja ilishuka juu ya paa letu na kupita, nikamaliza kurudisha springi ya namba saba, na yeye bado ameishika chupa.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Imeanza kuyeyuka."